Ulemavu wa pili si sababu ya kumnyima kiziwi lugha

Tangu Mei 2025, Rais William Ruto alipotia saini Sheria mpya ya Watu wenye Ulemavu, mazungumzo ya elimu ya watoto wenye ulemavu hapa Lamu yamegawanyika kambi mbili, na kila kambi ina hakika kwamba sheria iko upande wake. Kambi ya kwanza inasema zama za shule maalumu za bweni zimekwisha: mtoto wa Faza asome Faza, wa Matondoni asome Matondoni, na mwalimu mkuu atakayemkataa ajieleze. Kambi ya pili inasema ujumuishi, yaani kuwasomesha watoto wote pamoja, ni jina zuri la kubana matumizi, na kwamba kiziwi akitiwa katika darasa la watoto wanaosikia atakaa nyuma akitazama midomo ya watu mpaka achoke, kisha abaki nyumbani. Mabishano yana moto, lakini yote yanahusu jengo: mtoto aingie lango gani. Nadhani hapo ndipo sheria inapoeleweka vibaya. Anayelionyesha kosa hilo waziwazi ni mtoto anayesahauliwa na kambi zote mbili, yaani kiziwi mwenye ulemavu mwingine juu ya uziwi wake: asiyeona vizuri, mwenye miguu au mikono isiyomtii, mwenye kifafa, mwenye usonji, au anayeelewa mambo polepole kuliko wenzake.

Hoja yangu ni hii. Kwa mtoto huyo, kipimo cha kwanza cha shule kiwe lugha: ni watu wangapi wanaozungumza naye kwa ishara tangu anapoamka hadi anapolala, na je, wanajua kuzigeuza ishara hizo zifuate macho yake, mikono yake na kasi yake? Ulemavu wa pili huongeza haja ya lugha, ilhali sisi tumezoea kuutumia kuipunguza. Na kwa Lamu kuna jambo ambalo viongozi wetu hawapendi kulitaja. Miaka ambayo lugha ya mtoto hujengeka au hupotea iko chini ya serikali ya kaunti, na kwa miaka hiyo Nairobi haiwezi kuwa kisingizio.

Elimu ya viziwi nchini ilianza kupangwa mwaka 1958 ilipoundwa jumuiya ya kuwahudumia watoto hao, na mwaka 1961 zikafunguliwa shule za Mumias na Nyangoma, upande wa pili kabisa wa nchi ukitazama kutoka hapa. Baadaye Pwani nayo ikapata zake: Kwale, Kibarani kule Kilifi, Ziwani mjini Mombasa. Mtindo tuliourithi ulikuwa wa kuwagawa watoto kwa kiungo. Wa masikio huku, wa macho kule, wa akili pengine. Sheria ya 2003 iliyatia mazoea hayo katika maandishi. Kifungu chake cha 18 kilikataza shule kumnyima mtu nafasi kwa sababu ya ulemavu peke yake, kisha kikaongeza sharti kwamba awe na uwezo wa kupata elimu ya maana katika masomo anayoyaomba. Kifungu hichohicho kiliagiza zianzishwe shule maalumu, hasa za viziwi, za wasioona na za wenye ulemavu wa akili. Mtoto aliye kiziwi na asiyeona, au kiziwi mwenye ulemavu wa akili, hakuwa na mlango wake. Na lile sharti la uwezo likafanya kazi kuliko katazo lenyewe, kwa kuwa ofisi ya shule iliyosema "huyu hataweza" ilikuwa na maneno ya sheria ya kuegemea. Sheria ya 2003 imeondoka. Ile sentensi ya "hataweza" bado inasikika ofisini.

Inasikika kwa sababu njia anayopitia mtoto haijabadilika. Vituo vya kutathmini watoto wenye mahitaji maalumu vilianzishwa mwaka 1984 kwa msaada wa Denmark, na ni jambo jema kwamba vipo. Lakini fomu ya tathmini, hata ikijazwa kwa uangalifu wote, mwisho wake hudai jina la shule moja. Kwa mtoto wa kisiwa cha Pate jina hilo maana yake ni boti ya asubuhi, Mokowe, kisha basi hadi Kilifi au mbele zaidi. Niliwahi kupanda boti moja na mama wa Siyu aliyekuwa akimrudisha mwanawe kutoka shule ya viziwi ya mbali. Mtoto alikuwa kiziwi mwenye miguu dhaifu. Shule ilimweleza mama kwamba haina mtu wa kumpandisha ngazi wala wa kumbadilisha nguo usiku, ikampendekezea shule ya watoto wenye ulemavu wa viungo. Na hiyo nayo ikasema haina mwalimu anayejua ishara. Muda mfupi aliokaa bwenini ulikuwa umempa maneno machache, na njiani alikuwa akirudia ishara ya bahari, tena na tena, akimtazama mamake. Mama alidhani anaogopa maji. Shule zote mbili zilisema kweli kuhusu upungufu wao, na kweli mbili hizo zikamweka mtoto nyumbani.

Watu huuliza watoto wa namna hiyo ni wangapi hata tuwaandikie sera. Swali ni la haki, ila hesabu zetu zimepangwa kwa njia inayowaficha. Sensa ya 2019 iliripoti kwamba asilimia 2.2 ya Wakenya wenye umri wa miaka 5 na zaidi wana ulemavu, kisha majedwali yakawapanga kwa safu: kuona, kusikia, kutembea, na kadhalika. Anayesoma safu ya kusikia hamwoni anayetokea pia katika safu ya kuona. Jirani zetu wa Kilifi wanatupa picha bora zaidi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2006 kuhusu watoto wa miaka 6 hadi 9 wa vijijini huko ulikuta kwamba 61 kati ya kila 1,000 walikuwa na athari za wastani au kubwa katika mfumo wa neva: kifafa 41, akili 31, kusikia 14, viungo 5, macho 2. Jumlisha safu hizo na utapata 93. Ziada hiyo inatokana na watoto waliohesabiwa katika safu zaidi ya moja, na watafiti walisema wazi kwamba kiasi cha mmoja kati ya watano wa watoto hao walikuwa na zaidi ya athari moja. Kwa viziwi hasa, takwimu za miaka mingi za Chuo Kikuu cha Gallaudet, Marekani, zimekuwa zikionyesha kwamba takriban asilimia 40 ya wanafunzi viziwi wa huko wana ulemavu mwingine. Sisemi kwamba asilimia hiyo ndiyo ya Lamu. Ninachosema ni kwamba anayemchukulia mtoto huyu kuwa kituko cha nadra hajatazama hesabu.

Wala haistahili kutushangaza, kwa sababu mambo yanayoua usikivu wa mtoto mara nyingi hayaishii kwenye sikio. Homa ya uti wa mgongo huharibu sikio la ndani na pia ubongo. Umanjano mkali wa mtoto mchanga usiotibiwa mapema huacha uziwi pamoja na viungo vinavyojinyonganyonga. Kuzaliwa kabla ya wakati, au kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, huweza kugusa macho, misuli, akili na masikio kwa pamoja. Rubela ikimpata mama katika miezi ya kwanza ya mimba humpa mtoto uziwi, mtoto wa jicho na kasoro za moyo. Daktari wa macho Norman Gregg wa Australia aliufichua uhusiano huo mwaka 1941, na Kenya ilianza kuchanja surua na rubela kwa pamoja mwaka 2016. Ina maana kuna vijana wengi waliozaliwa kabla ya chanjo hiyo ambao bado wako madarasani, au walipaswa kuwako. Hata dawa ya gentamaisini, inayowaokoa wachanga wenye maambukizi makali, inaweza kuchukua usikivu wa baadhi yao. Mwenye akili ya kupanga elimu angeanza na dhana kwamba uziwi huja na wenzake, kisha afurahi pale unapokuja peke yake.

Nitakaa kidogo kwenye hali moja, kwa kuwa inaufaa mji huu kuliko hotuba nyingi za ujumuishi. Madaktari huiita Usher. Katika aina yake kali mtoto huzaliwa kiziwi, huchelewa kutembea kwa sababu mizani ya mwili ni mbovu, kisha utotoni huanza kushindwa kuona gizani, na miaka ikienda uwanja wa macho hupungua kutoka pembeni kuja katikati mpaka anaona kama mtu anayechungulia tunduni. Hurithiwa pale tu baba na mama wote wamebeba kasoro ileile bila wao kuugua, kwa hiyo hutokea zaidi panapooana watu wa ukoo mmoja. Nalisema hili katika mji ambao mtoto wa ami huwa mchumba wa kwanza kufikiriwa, bila kumlaumu yeyote. Nia yangu ni kwamba mwalimu wa hapa awe na macho ya kuitambua. Mtoto kiziwi ambaye mchana anacheza vizuri, lakini magharibi ikiingia anashika ukuta katika vichochoro vya Mkomani, anagonga punda na kukataa kutoka, huitwa mwoga au mkaidi. Darasani anakosa ishara zinazofanywa pembeni mwake na mwalimu anaandika "hana umakini". Umeme ukikatika bwenini, wenzake wanaendelea kupiga soga kwa mwanga wa tochi ya simu na yeye anakatika kabisa na ulimwengu hadi asubuhi. Hakuna kati ya dalili hizo inayohitaji mashine ya kuigundua. Inahitaji mtu mzima anayejua kwamba ipo.

Na akishagunduliwa, mambo ya kumfanyia si ya ajabu. Mwalimu asimame mahali ambapo dirisha haliko nyuma yake. Ishara zake zisitanuke. Zibaki mbele ya kifua, karibu na uso, katika kile kiduara ambacho mtoto bado anakiona. Mkono mweusi juu ya buibui jeusi hauonekani kwa macho yanayofifia, na leso ya maua mengi na maandishi inamchosha mtazamaji. Kitambaa cha rangi moja isiyokoza kifuani kinatosha. Uso uwe wazi, kwa kuwa nyusi na mdomo ni sehemu ya sarufi ya ishara, na walimu wa kike wa hapa wanalijua hilo na hulifanya bila fatwa ya mtu wakiwa na watoto. Macho yakizidi kupungua, mtoto huweka mikono yake juu ya mikono ya anayezungumza naye na kuisoma kwa kugusa. Hii ni lugha ileile, imepokelewa kwa ngozi. Atakayeijua vizuri ni yule aliyejifunza ishara wakati bado anaona, na hapo ndipo kuchelewa kunapomgharimu mtoto kitu ambacho hakirudishiki kwa urahisi.

Kwa mtoto aliyezaliwa bila kusikia wala kuona, kazi huanzia mbali zaidi. Mholanzi Jan van Dijk, aliyefundisha watoto wa namna hiyo Sint-Michielsgestel, wengi wao wakiwa wamepatwa na rubela tumboni, alionyesha kwamba mazungumzo yanaweza kuanza na mwendo wa mtoto mwenyewe: akitikisika, tikisika naye, ukisimama, ngoja aombe kwa mwili wake muendelee. Kisha vitu huchukua nafasi ya maneno. Kipande cha kamba humwambia tunakwenda kwenye boti, kikombe kwamba ni uji, kofia ya vito kwamba ni wakati wa chuo cha Kurani. Vikipangwa kwa zamu katika rafu vinampa mtoto kitu ambacho sisi hatukumbuki kwamba tuliwahi kukikosa, yaani kujua nini kitafuata. Wenye kuona hayo ni michezo ya kupitishia wakati wajaribu kuishi siku moja wakibebwa huku na huku bila kuarifiwa.

Mtoto kiziwi mwenye viungo vilivyokaza ana tatizo jingine ambalo wengi hawalitambui mpaka walione. Akikalishwa kwenye dawati la kawaida hutumia mikono yake kujishikilia asianguke, na mikono inayoshikilia dawati haiwezi kusema. Mwegemeze kiwiliwili kwa kiti kilichotengenezwa na fundi yeyote wa Lamu anayejua mbao, na ghafla ana mikono miwili ya kuzungumzia. Ishara zake zitakuwa butu, vidole havitakunjika inavyopasa, na watakaomwelewa ni wale wanaokaa naye. Mtoto mwenye kigugumizi hatumkatazi kusema, tunajifunza kumsikiliza. Anayetembea kwa magongo naye hunyamaza kila anapotembea, na mwenzake akimuuliza jambo njiani lazima wasimame. Hayo hayamo katika kanuni za ujenzi wa njia za viti vya magurudumu, ambazo ndizo kaunti nyingi hukimbilia kuonyesha zikiulizwa zimefanya nini.

Sasa tuzipime kambi mbili. Wanaotaka mtoto abaki karibu na nyumbani wana hoja nzito, na nzito zaidi kwa mtoto huyu kuliko kwa kiziwi mwingine. Nani atahakikisha dawa ya kifafa inamezwa kwa saa yake katika bweni la watoto wengi? Mtoto asiyeweza kueleza kwamba ameumizwa, na ambaye hata mamake hajui ishara za kumuuliza, analindwa na nani? Atajuaje kuswali, atawajuaje ndugu zake, ikiwa miezi tisa ya mwaka yuko kwa watu wengine? Katiba yenyewe, kifungu cha 54, inamtaka asome katika taasisi zilizounganishwa na jamii kwa kadiri inavyoendana na maslahi yake. Nakubali yote hayo. Upande wa pili nao unajua kitu ambacho wa kwanza hukipuuza: lugha haikui kwa mtu mmoja. Zaidi ya asilimia 90 ya watoto viziwi huzaliwa na wazazi wanaosikia, kwa hiyo nyumbani, penye mapenzi yote, mara nyingi hapana mazungumzo. Kiziwi peke yake Kizingitini, hata akipewa mwalimu mmoja aliyehudhuria semina, ana mtu mmoja wa kuzungumza naye, kwa saa chache, na wakati wa mapumziko hana hata mmoja. Kifungu hichohicho cha 54 kinampa haki ya Lugha ya Ishara, Breli au njia nyingine inayomfaa, na Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, ambao Kenya iliuridhia mwaka 2008, unataka viziwi, wasioona na wasioona-wasiosikia wasome kwa lugha na njia zinazowafaa zaidi na katika mazingira yanayokuza kikamilifu elimu yao na maisha yao na wenzao. Neno mazingira hapo lina uzito. Mkalimani mmoja hawezi kuwa mazingira.

Hoja dhaifu kuliko zote husemwa kwa upole, na mara nyingi na watu wema: kwamba kiziwi mwenye ulemavu wa akili hawezi lugha ya ishara hata hivyo, basi afundishwe kula, kwenda choo na kuvaa, na hiyo itatosha. Kosa la kwanza la hoja hii ni la upimaji. Mtoto wa miaka tisa aliyekuja kutathminiwa akiwa hajawahi kupewa lugha yoyote hupimwa kwa maagizo asiyoyaelewa. Akishindwa, kushindwa huko kunaandikwa kuwa ni kwa akili. Njaa ya lugha katika miaka ya mwanzo yenyewe hudumaza kumbukumbu, mpangilio wa mawazo na hesabu, kwa hiyo mtoto anaonekana kuwa na ulemavu wa akili hata kama alizaliwa bila huo. Huwezi kumtenganisha mmoja na mwingine mpaka kwanza umpe lugha na usubiri. Kosa la pili ni zito zaidi, kwa maana linabaki hata pale tathmini ikiwa sahihi. Mtoto anayesikia mwenye ulemavu wa akili hatumkatazi kusikia maneno. Anazungukwa nayo mchana kutwa na anachukua anayoweza kuchukua. Mwenzake kiziwi anapoambiwa hahitaji ishara, ananyimwa hata nafasi ya kuchukua kidogo. Na kwa watoto hawa kidogo ni kingi. Mwenye ishara thelathini anaweza kusema tumbo linauma, anaweza kukataa, anaweza kuuliza babake yuko wapi. Asiye nazo anauma, anapiga kichwa ukutani, kisha tabia hiyo inahesabiwa kuwa ulemavu wa tatu.

Mara nyingi watetezi wa watoto hawa hujibu kwa kumtaja Helen Keller, yule Mmarekani kiziwi asiyeona aliyeandika vitabu. Sipendi jibu hilo. Helen Keller, na kabla yake Laura Bridgman aliyeanza kufundishwa Boston mwaka 1837, wanathibitisha kwamba uziwi na upofu havifungi akili, na hilo ni jambo kubwa. Lakini haki ya lugha ikisimama juu ya vipaji vya watu kama wao, mtoto wa kawaida wa Mpeketoni, ambaye hatawahi kuandika kitabu, amekwisha kushindwa kesi yake kabla haijaanza.

Mtaala wa umilisi umetupa chombo kizuri hapa, ingawa unaweza kutumiwa vibaya. Kwa wanafunzi wasioweza kufuata mtaala wa kawaida kuna mkondo wa hatua, unaoanza na misingi, kisha hatua ya kati, maandalizi ya ufundi, na ufundi wenyewe, bila kumfunga mtoto kwa umri. Kwa kiziwi mwenye ulemavu wa ziada hii ni nafuu kubwa kuliko kukaririshwa darasa hadi anaota ndevu. Hofu yangu ni pale mkondo huu unapogeuka kuwa njia ya kumtoa katika darasa la viziwi na kumweka katika darasa ambalo hakuna anayejua ishara, kwa kuwa tu ndilo lililoandikwa "mkondo wa hatua" mlangoni. Mkondo unahusu anachojifunza na kwa kasi gani. Haukusema lugha ya darasa ibadilike. Mwalimu naye, katika mafunzo yake ya elimu maalumu, kwa kawaida amebobea katika tawi moja: anajua viziwi, au anajua ulemavu wa akili. Kumdai peke yake ajue yote ni kumwonea. Walimu wawili wenye ujuzi tofauti wakiwa na darasa moja dogo wanafanya kazi ambayo walimu wawili walio katika shule mbili, kila mmoja na nusu ya mtoto, hawataifanya.

Kwa hiyo Lamu ifanye nini? Mimi ningekataa vyote viwili, kumtawanya kila mtoto kijijini kwake na kumpeleka Kilifi. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 143,920 katika kaunti nzima. Eneo la ukubwa huo linaweza kuwajua watoto hawa kwa majina, nyumba kwa nyumba. Wakusanywe mahali pamoja au pawili, kisiwani Amu na pengine upande wa Hindi au Mpeketoni, ndani ya uwanja wa shule ya kawaida. Wa Shela, Langoni na Mokowe waende na kurudi. Wa Pate na Kiunga walale siku za shule na warudi kila bahari na nauli zinaporuhusu, katika nyumba ndogo yenye walezi wanaojua ishara, taa isiyozimwa usiku na choo cha kukaa. Viziwi wote wa eneo hilo, wenye ulemavu mmoja na wenye zaidi, wawe pamoja ili pawe na kelele ya ishara, ugomvi wa ishara, uongo na mizaha ya ishara, maana humo ndimo watoto wote wanamojifunzia kusema. Masomo yakihitaji kutengana, watengane kwa saa hizo. Atakayesema ni ghali alinganishe na gharama ya sasa: nauli ya kupeleka na kurudisha, mzazi aliyeacha kazi kukaa na mtoto, na kijana wa miaka ishirini asiyeweza kumwambia daktari anaumwa wapi. Hata hivyo sitadai kwamba ni rahisi. Kuwapata walimu wa kukaa Lamu imekuwa taabu hata kwa watoto wasio na ulemavu wowote, na usalama wa barabara haukusaidia.

Lakini tuangalie ni nani anayepaswa kuanza. Jedwali la Nne la Katiba linaipa kaunti elimu ya chekechea, vyuo vya ufundi vya vijiji na vituo vya kulea watoto, pamoja na sehemu kubwa ya huduma za afya. Shule za msingi ni za serikali kuu. Ukiutazama mgawanyo huo kwa macho ya mtoto kiziwi, kaunti imeshika mwanzo na mwisho wake. Ndiyo yenye zahanati inayoweza kuchanja rubela na kuutibu umanjano kwa mwanga kabla haujafika kwenye ubongo. Ndiyo yenye darasa la chekechea katika miaka ambayo lugha hukua kwa wepesi. Na ndiyo yenye chuo cha ufundi atakakofikia akimaliza mkondo wa hatua. Mtoto anayefika gredi ya kwanza bila lugha amepitia mikononi mwa kaunti miaka yote hiyo. Kila ujumbe unaokwenda Nairobi kulalamika kwamba hakuna shule maalumu Lamu unapaswa kwanza kuulizwa kuhusu hilo.

Mpango wa mwaka wa kaunti hufikishwa katika bunge la kaunti kufikia tarehe 1 Septemba, na waraka wa mwelekeo wa fedha kufikia 28 Februari. Katikati hapo kuna vikao vya wananchi, na kwa desturi tunakwenda kuomba gati, visima na taa za barabarani. Ningependa safari hii ombi moja liwe la mishahara: viziwi watu wazima waajiriwe katika madarasa ya chekechea kama wasaidizi wa lugha, wakae na watoto na kuwatembelea wazazi majumbani. Wapo, wanafanya kazi gatini na katika karakana za mbao, na ishara ni lugha yao ya kila siku. Watahitaji mafunzo ya kumshika mtoto mwenye viungo vilivyokaza na ya kuzungumza na asiyeona kwa mguso, na hilo Taasisi ya Elimu Maalumu ya Kenya, iliyoanzishwa mwaka 1986 na iliyopo Kasarani, Nairobi, inaweza kuombwa ilipange. Vyeti vya shule wengi wao hawatakuwa navyo, kwa sababu zilezile nilizozieleza hapo juu, kwa hiyo bodi ya utumishi ya kaunti iondoe sharti hilo la cheti kwa nafasi hizi na iwafanyie usaili kwa ishara.